Masika ya Vijiti vya Nta

Jumatatu, 17 Machi 2003

Mashine imefika. Kwa umbo haitishi: kibao cha chuma, sindano mbili zenye tundu katikati, na vishikizo vya kuzisogeza huku na kule. Mtu angedhani ni kifaa cha fundi saa. Wageni waliotuazima wameiacha mpaka mwisho wa Juni, wakarudi kwao. Dokta Filbert aliizunguka mara mbili, akafuta miwani kwa tai yake, akasema, "Ndiyo hii itakayotufukuza kazi?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nimeshajifunza kucheka naye.

Kazi yenyewe ni hii. Katika stoo ya idara yetu ya patholojia kuna maboksi ya vipande vya nyama vilivyokatwa kwa wagonjwa tangu miaka ya themanini, kila kipande kimezamishwa ndani ya bloku ya nta yenye ukubwa wa kiberiti. Zamani, ukitaka kuchunguza saratani ya matiti kwa wanawake mia mbili, ulikata bloku mia mbili na kupaka rangi slaidi mia mbili, dawa ikakuishia njiani. Sasa sindano inachomoa kijiti chembamba kutoka kila bloku, na vijiti vyote vinapandwa kwa safu ndani ya bloku moja mpya, kama miche kitaluni. Ukikata tabaka moja jembamba, wanawake wote wamo kwenye slaidi moja, na rangi unaipaka mara moja. Tunatafuta saratani zinazolishwa na homoni, kwa sababu hizo zina kidonge cha bei nafuu, na mpaka leo kidonge hicho tunakitoa kwa kubahatisha.

Hiyo ndiyo sababu iliyoandikwa kwenye maombi. Yangu ni nyingine. Ndani ya stoo ile yumo mama yangu.

Mama, Elinipendo, alikatwa uvimbe wa titi mwaka 1992. Jibu lilisema ni uvimbe wa kawaida, si saratani, na nyumbani tulichinja mbuzi. Mwaka uliofuata, kabla kahawa haijaiva, tulimzika kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwetu. Mapafu yalikuwa yamejaa ugonjwa. Aliyetia saini jibu lile ni Dokta Filbert, mkuu wangu wa idara, mwalimu wangu, ambaye mwisho wa Juni anastaafu kwa sherehe na chumba cha mikutano kitapewa jina lake. Wanasema kisasi ni cha Bwana. Sawa, lakini Bwana amechukua miaka kumi. Nimeona nimsaidie.

Jumatano, 19 Machi

Mlima umejifunika tangu asubuhi, mvua hakuna. Nimeharibu vijiti vitatu. Ukisukuma sindano kwa hasira, nta inapasuka.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepanda mlimani, nyumbani kwetu Masama, kumwona Baba. Kutoka Kwa Sadala nilipata pikapu iliyobeba mbegu za mahindi, nikakaa juu ya magunia pamoja na mama mmoja aliyelalamikia vumbi njia nzima. Mwezi huu wa tatu vumbi lisingekuwepo miaka ile, alisema, kana kwamba mimi ndiye niliyeifunga mvua.

Jirani ameng'oa kahawa yake yote, amepanda nyanya. Siku hizi wanunuzi binafsi wanapita na magari yao wakitaja bei ya kumtukana mtu. Baba hajang'oa hata mti mmoja, kwa sababu kahawa ile aliipanda na Mama. Alinipa mtori, akanisubiri nimalize bakuli, halafu akauliza swali lake la kila safari.

"Umempata?"

"Nani, Baba?"

"Usinizungushe, Aikande. Yule aliyesema mama yako mzima. Ulisema ukishaingia pale utamjua."

Nilimjua siku ya kwanza. Sijamwambia Baba, kwa kuwa nataka nimpelekee mtu aliyekwisha kuanguka. "Nimekaribia," nikasema.

"Niletee jina. Mimi mzee wa kanisa, siendi kwa mganga. Nataka jina tu nimtajie Mungu kila asubuhi, asijifanye hamjui."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikamuuliza: na akija na sale je? Maana kwetu aliyekukosea akikuletea jani la sale, lile lile tunalopanda mpakani na makaburini, umekwisha. Huwezi kulikataa, lazima umsamehe. Ukilikataa, ubaya wote unageuka upande wako.

Baba alitazama ua wa masale ulio nyuma ya kaburi la Mama. "Aje nalo mwenyewe," akasema, "kwa miguu yake. Asimtume mtu. Hapo nitapokea, sina ujanja. Lakini hatakuja. Watu kama hao hawajui hata kama wameua."

Nilipokuwa nashuka niliapa: Dokta Filbert hatapata nafasi ya kukata jani lolote. Atajua nilichomfanyia akiwa ameshaanguka mbele za watu.

Jumanne, 25 Machi

Nimempata Mama.

Namba yake ya hospitali naijua kwa kichwa kuliko namba yangu ya simu. Bloku ilikuwa kwenye boksi la chini kabisa, panya wametafuna kona ya boksi lakini nta hawakuigusa. Nikaifuta kwa kidole. Kipande chenyewe ni cha kahawia, hakizidi kucha ya dole gumba. Nilisubiri wenzangu waende kula, nikaichukua na slaidi yake ya zamani nikaiweka chini ya hadubini.

Nilikuwa najua ninachokitafuta, na nilikiona kabla sijamaliza kuzungusha skrubu. Kwenye ukingo mmoja, katikati ya nyuzi za kovu, seli ndogo ndogo zimefuatana moja nyuma ya nyingine, kama siafu wachache waliopotea njia. Hiyo ni saratani ya titi ya aina inayotembea kimyakimya. Mtoto wa darasa la kwanza angewaona! Nilitamani Dokta Filbert aingie mlangoni wakati ule ule nimshike shingo, nimbandike jicho kwenye lenzi na kumwambia, soma. Soma tena. Kwa sauti.

Halafu nikatulia, na katika kutulia nikapata njia iliyo bora kuliko kumshika shingo.

Kwenye bloku yetu mpya tunapanda pia vijiti vya uvimbe wa kawaida, vya kulinganishia. Slaidi itasomwa na watu wawili, mimi na yeye, kila mmoja peke yake, bila kujua kijiti kipi ni cha nani. Basi Mama ataingia kundi la wasio na saratani. Huo si hata udanganyifu: kwa karatasi za idara, Mama hakuwahi kuumwa. Dokta Filbert atamsoma bila kumjua, na kwa kuwa sasa ni bingwa mwenye mvi, atasema saratani. Siku majibu yatakapofunguliwa mbele ya idara nzima, nitasimama na kueleza ni nani aliyesema kawaida mwaka 1992, na mgonjwa yule alifika wapi. Atakuwa amejihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Aliye juu mngoje chini.

Nilizungushia wino wa buluu pale palipo na siafu, nikaweka bloku kwenye mashine, nikashusha sindano. Kabla haijagusa nta nilisema, "Pole, Mama." Nilisema kwa sauti, kama mpumbavu.

Ijumaa, 28 Machi

Kazi ya kupanda vijiti ni ya Rogath, mtaalamu wetu wa maabara, mtu wa Kibosho mwenye maneno mengi. Yeye ndiye anayeamua kijiti kipi kikae wapi, na kwenye kona anaweka kijiti cha ini ili tusisome slaidi kichwa chini. Ramani anaifungia kwenye kabati lake.

"Dokta, hiki cha 1992 unakitakia nafasi maalumu?" aliniuliza. "Maana umekishika kama yai."

"Kiweke popote. Na usinionyeshe."

"Hata kwa kukonyeza?"

"Rogath."

"Haya, haya. Nimekuwa kipofu, nimekuwa bubu."

Sitaki kujua mahali Mama alipo. Nikijua, watasema nilimwonyesha mzee njia. Nataka kisu changu kiwe safi.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua! Imeanza saa kumi na moja jioni, kwa fujo. Nimelowa mpaka shajara.

Jumamosi, 5 Aprili

Nguo hazikauki. Jirani yangu anapika kiburu cha ndizi na maharage, harufu inapita chini ya mlango, hajanikaribisha. Nimemwandika na yeye kwenye orodha yangu ya kisasi.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo alikuja mume wa mgonjwa mmoja, mtu wa Bomang'ombe, akagonga dirisha la mapokezi kwa ngumi. Jibu la mkewe limechukua wiki tano. Alitukana kila mtu aliyevaa koti jeupe, na tulistahili. Sisi wote tulijifanya tuna kazi. Dokta Filbert alitoka nje, akamkuta amekaa kwenye benchi la veranda mvua ikimrukia miguuni, akakaa naye. Sikusikia walichosema. Niliwaona tu kupitia dirisha: mzee ameinamisha kichwa, anasikiliza. Baadaye aliingia suruali imelowa, akaitafuta bloku mwenyewe, akamsimamia Rogath mpaka ikakatwa. Jibu lilitoka kabla ya saa tisa.

Ananiudhi anapokuwa mwema. Mtu mbaya ana wajibu wa kuwa mbaya siku zote, ili tuliokusudia kumwangusha tufanye kazi yetu kwa raha. Na nilipokuwa namtazama pale dirishani nilijiuliza: benchi hili hili lilikuwepo mwaka 1993. Baba alikaa hapo, Mama akiwa wodini. Nani alikaa naye?

Hakuna aliyekaa naye. Basi.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Masama. Kanisa limejaa, barabara imekuwa uji, nimepoteza kisigino cha kiatu. Baba aliuliza, nikamwambia Juni. "Juni ipi?" akasema. Tumepanda maua mapya juu ya Mama.

Jumanne, 29 Aprili

Tumeanza kusoma. Kila kijiti kwenye slaidi ni duara dogo, hukioni vizuri kwa macho matupu. Unakwenda safu kwa safu, unaandika: saratani, au kawaida, na kama ni saratani, rangi ya homoni imeshika au haikushika. Vingine vimedondoka majini wakati wa kukata, panabaki tundu tupu.

Dokta Filbert anasoma kwa mwendo wa kinyonga. Anainuka kwenye lenzi, anatazama nje kwenye mvua, anarudi duara lile lile. Asubuhi nzima hakumaliza safu moja. Rogath anasema mzee anawasalimia wagonjwa mmoja mmoja.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Umeme wa kusuasua. Nimesoma vijiti arobaini kabla ya chai, vyote rahisi. Mzee amesoma tisa. Kwa mwendo huo atastaafu akiwa safu ya pili.

Ijumaa, 9 Mei

Mafua.

Jumatatu, 19 Mei

Ameniita ofisini. Shikamoo, marahaba, kaa. Akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, akasema wanaomwandalia sherehe wamemuuliza nani atoe hotuba kwa niaba ya idara, na yeye akanitaja mimi.

"Usinisifu mno," akasema. "Sifa za kustaafu zinafanana na sifa za marehemu. Sema tu nilikuja kazini."

"Nitasema yote ninayoyajua, Dokta."

"Hayo ndiyo nayaogopa." Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniambia kwamba kiti chake amenipendekeza mimi, na kwamba mkurugenzi amekubali.

Nilishukuru kwa midomo. Nje ya mlango nilitaka kulia kwa hasira. Nimesubiri miaka kumi nimnyang'anye mtu huyu kitu anachokipenda, na yeye anakuja kunipa kwa hiari, pamoja na kikombe cha chai. Usiku kucha nimejiambia: kiti si mama. Hata akinipa idara nzima na vitasa vyake, kiti si mama.

Jumatano, 4 Juni

Mvua imekatika. Imebaki baridi ya asubuhi, na mlima umejitokeza wote, mweupe mpaka mabegani. Tumemaliza kusoma, yeye jana, mimi wiki tatu zilizopita. Alhamisi ya wiki ijayo idara yote inakaa. Kwanza tunatazama vile vijiti ambavyo mimi na yeye tumetofautiana, halafu Rogath anafungua ramani.

Nimeshapiga pasi ile nguo nyeusi niliyovaa kwenye mazishi ya Mama. Bado inanitosha, kwa kujibana.

Alhamisi, 12 Juni

Niandike kama ilivyokuwa, bila kujipamba.

Tulikaa chumba cha mikutano, kile kitakachopewa jina lake. Wataalamu wote wa maabara, madaktari wa mafunzo, daktari mkuu wa upasuaji. Hadubini yetu yenye vichwa viwili iliwekwa mezani, mimi upande huu, Dokta Filbert upande ule, magoti yetu yakigusana chini ya meza. Rogath alisimama akisoma namba.

Tulitofautiana kwenye vijiti vichache. Viwili vya mwanzo nilimshinda, akakubali bila kinyongo. Kimoja alinishinda. Damu ilikuwa imenichemka, na kila alipokubali kosa nilijiambia, hii ni rasharasha, mvua yenyewe inakuja.

"Mia na sita," akasema Rogath. "Dokta Filbert, saratani. Dokta Aikande, kawaida."

Nikatazama. Nyuzi za kovu, seli mbili tatu zilizobanwa. Nilikwishaona mamia ya hizo.

"Dokta, hapa pana nini?" nikasema. "Hili kovu tu."

"Nenda ukingo wa kulia. Zile zinazofuatana."

"Hizo zimebanwa na sindano."

"Tembea nazo polepole, mwanangu."

Lile neno mwanangu ndilo lililonimaliza. Niliinua kichwa nikageukia wale vijana wa mafunzo, nikasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mtu akishaogopa, anaona saratani kila mahali. Mwishowe tutawakata wanawake matiti bure kwa sababu ya miwani ya mzee." Wachache wakacheka. Daktari wa upasuaji akatazama meza.

Dokta Filbert alivua ile miwani, akaifuta kwa tai. "Niliwahi kuiacha moja kama hii," akasema. "Nilikuwa na haraka, nikasema kovu. Yule mama alirudi baada ya mwaka, hawezi kupumua. Nikaitafuta ile slaidi nikaiona. Tangu siku hiyo nikikuta mstari kama huu, nasimama. Andika nilichosema, Rogath."

Moyo wangu uliruka kwa furaha! Ndiyo, furaha, kwa nini nidanganye. Amekiri mwenyewe, mbele za watu, kabla hata sijafungua mdomo. Nilikuwa namwona Mama akija kutoka kwenye ramani ya Rogath kama shahidi. "Na mimi andika nilichosema," nikajibu. "Mia na sita ni kawaida. Nasimama hapo."

Rogath akafungua ramani. Akaanza kutaja: mia na tatu, saratani, mwaka 1996. Mia na nne, mia na tano. Halafu akasema, "Mia na sita. Kundi la kawaida, mwaka 1992," na akasoma namba ya hospitali.

Sikuelewa mara moja. Niliisikia kama mtu anavyosikia jina lake likiitwa sokoni. Kisha nikamsikia Dokta Filbert, taratibu sana, akiimalizia ile namba pamoja na Rogath, tarakimu kwa tarakimu. Anaijua kwa kichwa. Miaka yote hii nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyeibeba.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo hiyo niliyoiacha."

Nikarudisha jicho kwenye lenzi. Walikuwepo. Siafu, ukingo wa kulia, mmoja nyuma ya mwingine, wanatembea. Hawakuwa wamejificha popote. Nilikuwa nimewatazama dakika hiyo hiyo nikiwa na hasira tele, na kabla ya hapo nilikuwa nimewatazama peke yangu kwa utulivu, na mara zote mbili nilisema Mama mzima.

"Nani alikiweka kwenye kundi la kawaida?" daktari wa upasuaji akauliza.

"Mimi," nikasema.

Dokta Filbert alinitazama, akalitazama jina langu la ukoo kwenye kibandiko cha koti, lile lile la Mama, kama vile halikuwahi kuwepo pale. Kisha akainuka, akasema anakwenda kunywa maji, na hakurudi. Hotuba yangu ya kumshtaki ilibaki mfukoni.

Wengine walipotoka Rogath alinisogelea. "Dokta, vijiti vingi vimedondoka," akanong'ona. "Na hiki kinaweza kudondoka. Nani atajua?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. "Acha kilipo," nikasema.

Ijumaa, 13 Juni

Sikwenda kazini.

Rogath alinitajia siku niliyokisoma kile kijiti peke yangu: tarehe saba Mei. Nimerudi nyuma kwenye shajara hii kutazama siku hiyo ilikuwaje. Nilitarajia nikute ugonjwa, au msiba, au taa imezimika. Nimekuta mistari miwili. Mvua, chai, na kumcheka mzee anayesoma polepole.

Pengine na yeye, siku ile ya 1992, kilikuwa ni kitu kidogo tu kama hicho. Chai inapoa. Rundo la slaidi mkono wa kushoto.

Sijamsamehe, niliandike hilo waziwazi ili kesho nisijidanganye. Mama angeishi, au angeishi zaidi, na kosa ni lake. Hasira yangu ipo yote, haijapungua hata chembe. Nimekosa tu mahali pa kuiweka. Kila ninapotaka kuitua nakuta nimeshakaa hapo mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefika Masama asubuhi. Matope yamekauka, barabara imebaki na mifereji ya magurudumu. Sikupita mlangoni kwanza. Nilizunguka nyuma kwenye ua, nikachagua jani la sale lisilo na doa, nikalikata kwa kucha.

Baba alikuwa kizingitini akimenya ndizi. Aliona jani kabla ya kuniona mimi. Akasimama, kisu mkononi, akatazama nyuma yangu kuelekea njiani.

"Amekuja?"

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Yuko wapi? Nilisema asitume mtu. Nilisema aje kwa miguu yake."

"Amekuja kwa miguu yake," nikasema, na nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

Hakuelewa. Alidhani namtania, uso ukaanza kukunjamana kwa hasira. Ikabidi nimweleze pale pale nimesimama, jani limenyooshwa, mikono ikianza kuchoka: kwamba nilionyeshwa nyama ya Mama bila kuambiwa ni ya nani, mimi niliyesomea kazi hii kwa ajili yake, na nikasema hana kitu. Kwamba nilionyeshwa mara ya pili mbele za watu, nikabisha, nikamcheka aliyesema ugonjwa upo.

"Na huyo aliyesema upo ni nani?"

"Ni yule wa kwanza, Baba. Yule unayemtafuta. Safari hii yeye ndiye aliyeuona."

Baba aliketi tena kwenye kizingiti, polepole, kama mtu anayepima kama kizingiti bado kipo. Nilingoja aniulize jina. Nilikuwa nalo ulimini, na sijui ningefanya nini kama angeliuliza. Hakuuliza. Alifuta mikono kwenye suruali, akalipokea jani, kwa sababu hana ujanja, akaliweka juu ya goti lake na kulinyoosha kwa kidole kutoka shina mpaka ncha.

"Miaka yote hii nimemwambia Mungu anisubiri, jina linakuja," akasema. "Sasa kesho asubuhi nimtajie la nani?"

Alichukua kisu akaendelea kumenya ndizi, na mimi nikaenda kumkatia ng'ombe majani.